Mgeni Aliyempa Mwenyeji Jembe: Kuisoma Upya Out of Africa ya Karen Blixen

Utangulizi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeizoea mno methali hii hata tunaidhani ni mzaha wa kumfukuzia mgeni mvivu. Lakini tukiitazama vizuri tutaona imebeba sheria nzima ya kuhamia kwa watu. Mgeni ana haki yake: siku mbili ale, alale, wala asiulizwe. Baada ya hapo ana njia moja tu ya kuuacha ugeni, nayo ni kushika jembe pamoja na wenyeji wake. Jembe ndilo kibali chake cha kukaa. Anayelikataa atabaki mgeni hata akimaliza miaka ishirini.

Makala haya yanakusudia kuichukua methali hiyo na kukipimia kitabu kinachosifiwa sana miongoni mwa vile vilivyoandikwa na Wazungu waliohamia Afrika ya Mashariki, yaani Out of Africa cha Karen Blixen. Hoja yetu ni kwamba katika kitabu hiki methali imepinduliwa: mgeni ndiye anayempa mwenyeji jembe, kisha anakaa barazani kuandika jinsi mwenyeji anavyopendeza akilima. Tena tunadai kuwa kupinduliwa huko hakumo katika maudhui tu, kama wengi wetu tunavyoandika kwenye mitihani. Kumo ndani ya fani: katika mpangilio wa sehemu za kitabu, katika lugha, na katika suala la nani anasema na nani anasemewa. Mwishoni tutakilinganisha na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Desertion, ambamo Mzungu anaingia kwa watu kwa mlango mwingine kabisa.

Sifa za kitabu na pazia lake

Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmarki, alifika Mombasa Januari 1914, akafunga ndoa na Bror Blixen, na wakaenda kuishi kwenye shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong, nje ya Nairobi. Alikaa huko hadi mwaka 1931, baada ya shamba kushindwa kujilipia na kuuzwa. Kitabu kilitoka 1937 kwa Kidenmarki na kwa Kiingereza, naye ndiye aliyekiandika kwa lugha zote mbili. Ernest Hemingway alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1954 alisema hadharani kwamba Blixen naye angestahili kupewa. Filamu iliyotengenezwa 1985 ilizoa tuzo 7 za Oscar. Mwaka uliofuata nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho, na watalii wanapanga foleni mpaka leo.

Wanafunzi wenzetu husema: "Hata kama alikuwa setla, jamani, mama huyu anajua kuandika!" Hatukatai. Anapoielezea hewa ya nyanda za juu, msomaji anaivuta. Anapoelezea ukame, koo linakauka. Tatizo ni kwamba sifa hiyo imegeuka pazia. Mhakiki anaisifu fani ukurasa wa kwanza, anayalaani maudhui ukurasa wa pili, kisha anafunga daftari kana kwamba kinu na mchi havijawahi kukutana.

Kazi ya kuyalaani maudhui ilikwisha fanywa, tena na bingwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kuchapishwa, alimshambulia Blixen katika Detained (1981), halafu tena katika Moving the Centre (1993), ambamo insha nzima inahusu namna mpishi Kamante anavyofananishwa na mbwa. Hatuna haja ya kuitwanga tena nafaka iliyokwisha kuwa unga. Sisi tunauliza swali dogo zaidi, ambalo kwa maoni yetu linagusa mzizi: ndani ya kitabu hiki, nani ni mgeni wa nani?

Nani mgeni wa nani?

Hebu tuangalie mpangilio. Kitabu kina sehemu tano. Ya kwanza inamweka Kamante katika kichwa kimoja cha habari na Lulu, na Lulu ni paa aliyelelewa nyumbani. Ya pili inahusu ajali ya bunduki. Ya tatu inahusu wageni wanaotembelea shamba. Ya nne mwandishi anaiita maandishi kutoka katika daftari la mhamiaji. Ya tano ni ya kuliaga shamba.

Zingatia sehemu ya tatu na ya nne, kwa maana zinapingana. Katika ya nne Blixen anakiri kuwa yeye ni mhamiaji. Vizuri. Lakini tayari katika ya tatu amekwisha kuwa mwenyeji anayekaribisha wageni. Na wageni hao ni akina nani? Wamo marafiki zake wa Kizungu, wamo watu kutoka Asia na wanawake wa Kisomali. Lakini sehemu hiyo inafunguliwa kwa ngoma kubwa, ambazo kiini chake ni vijana wa Kikuyu wanaokuja kucheza uwanjani kwake. Naam, Wakikuyu, ambao baba zao walikuwa wakiishi pale kabla ya mche wa kwanza wa kahawa kuchimbiwa shimo, wanahesabiwa katika orodha ya wageni wa shamba!   Kichwa cha sehemu kimeifanya kazi hiyo kimyakimya, nasi tunaosoma tumevutwa na midundo ya ngoma hata tusikione.

Ndiyo sababu tunasema fani haina pazia la kujifichia. Mpangilio wa sura unaweza kunyang'anya ardhi sawasawa na hati ya serikali.

Jembe lenyewe

Sasa twende kwenye jembe. Blixen anatuambia kuwa shamba lilikuwa na ekari 6,000, na kiasi cha ekari 1,000 kati ya hizo zilikaliwa na maskwota na mashamba yao madogo. Maskwota ni nani? Ni familia zilizoruhusiwa kukaa, kulima na kuchunga kidogo katika ardhi ya setla, kwa sharti la kumfanyia kazi idadi fulani ya siku kila mwaka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa masetla hati za kupanga ardhi kwa miaka 999, na Mwafrika akabaki mpangaji wa hisani. Sheria ya mwaka 1918 ikaweka kiwango cha chini cha kazi ya skwota: siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1937, mwaka uleule wa Out of Africa, serikali ya kikoloni ilitunga sheria nyingine, iliyoanza kutumika 1940, iliyozipa halmashauri za masetla uwezo wa kuziongeza siku hizo.

Siku 180 ni nusu ya mwaka. Methali yetu inampa mgeni siku mbili za kupumzika halafu jembe. Sheria ya kikoloni ilimpa mgeni miaka 999 ya kupumzika, na jembe ikampa mwenyeji.

Je, Blixen hakuyajua haya? Aliyajua, na hapa ndipo kitabu kinapokuwa kigumu kukihakiki kwa matusi tu. Mapema kabisa anaeleza mpango wa maskwota, kisha anaongeza kuwa pengine wao waliliona jambo hilo kwa namna nyingine. Wengi walizaliwa palepale na baba zao vilevile, kwa hiyo huenda walimwona yeye kuwa ni skwota mkubwa katika ardhi yao. Jamani, hoja nzima ya makala haya imo humo! Mwandishi ameisema mwenyewe, tena kwa ucheshi. Lakini tazama ucheshi huo unafanya nini. Akishaisema anaipita, anaendelea kusimulia uzuri wa mashamba ya mahindi. Hii ni kejeli ya kujikinga. Msemaji anajicheka kidogo ili asiulizwe zaidi, na msomaji akishatabasamu anaona deni limelipwa. Kumbe halijalipwa hata senti.

Lugha ya shambani

Upo ushahidi mwingine, nao unatuhusu sana sisi wanafunzi wa lugha. Blixen na watu wa shambani mwake walizungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama kwa Mdenmarki wala kwa Mkikuyu. Katika kitabu tunakutana na maneno kama shamba, shauri, boma, ngoma, toto. Tunakutana na Msabu, jina ambalo Kamante anamwita bibi yake, neno lililotoka kwenye memsahib ya Uhindi wa Kiingereza, likavuka bahari na kukwaruzika njiani.

Chukua neno toto peke yake. Masetla waliwaita hivyo vijana wa kazi. Kiswahili kina mtoto, kina kitoto, kina toto. Kila mzungumzaji anajua kuwa ukiiondoa m- umemtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya madude: toto ni kubwa, zito, la kuchekesha. Hatudai kwamba Blixen alikusudia tusi. Alilikuta neno likitumika. Lakini hivyo ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Mtu hahitaji kuwa mkatili, inatosha ajifunze lugha ya wenyeji kutoka kwa masetla wenzake.

Matokeo yake kifani ni mazito. Watu wa shambani wanasikika wakisema kwa mafumbo, kwa sentensi chache, kwa kunyamaza, na mwandishi anausifu unyamavu huo kana kwamba ni hekima ya kale. Huenda ni hekima. Huenda pia ni mtu anayezungumza kwa lugha ya pili na mwajiri anayeweza kumfukuza shambani. Kamante alipopata nafasi ya kusimulia, simulizi zake zilichapishwa 1975 katika kitabu kilichoandaliwa na Peter Beard, na hata jina la kitabu hicho linamtambulisha kwa kile cha Blixen. Mpishi alisubiri miaka 38, na hata hapo alipewa kiti katika meza ileile.

Karatasi ya Jogona

Haki itendeke lakini. Ipo sehemu moja ambamo mambo yanageuka, nayo kwa maoni yetu ndiyo kilele cha kisanii cha kitabu kizima. Katika ajali ya bunduki mtoto aitwaye Wamai anakufa. Wazee wanakaa barazani kuamua fidia ya mifugo. Jogona Kanyagga, aliyemlea Wamai, anadai haki yake, lakini wanatokea watu kutoka Nyeri wanaosema wao ndio ndugu wa marehemu. Jogona anamwendea Blixen amwandikie ushahidi wake. Anasimulia, bibi anaandika. Akisomewa, na jina lake likatamkwa kutoka kwenye karatasi, uso wake unabadilika kama mtu aliyezaliwa upya. Baadaye anaitembeza karatasi hiyo katika kifuko cha ngozi shingoni.

Kwa nini sehemu hii inatugusa kuliko simba na machweo? Kwa sababu kwa dakika chache mgeni ameshika jembe. Jembe la mwandishi ni kalamu, na hapa inalima shamba la mwenyeji. Jogona ndiye mtunzi, Blixen ni karani. Hoja ni za Jogona, mpangilio ni wake, na lengo ni lake: kutetea mbuzi na heshima ya ubaba. Fani inapanda mara moja mwandishi anapokubali kushuka. Wanaodai kwamba siasa huharibu sanaa watueleze jambo hili.

Bahati mbaya kitabu hakibaki hapo. Katika sehemu ya mwisho shamba linauzwa kwa kampuni ya Nairobi, na maskwota wanapewa notisi ya kuondoka. Blixen anahangaika ofisi kwa ofisi ili wahamishwe pamoja, wasitawanywe, na hatimaye wanapewa eneo katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Anaandika wazi kuwa ukimnyang'anya mtu ardhi umemnyang'anya na historia yake. Ni masetla wachache waliothubutu kusema hivyo, achilia mbali kutenda. Hata hivyo sehemu hiyo imeitwa kwaheri ya shamba, na kwaheri ni ya nani? Ya Blixen. Maskwota wanaohamishwa katika ardhi ya baba zao wanakuwa tukio ndani ya safari yake yeye ya kurudi Denmark. Msomaji analia, lakini machozi yanafuata meli.

Mgeni asiye na shamba

Mtu atauliza: hayo ni ya ukoloni, je, wanaohamia siku hizi bila ekari 6,000? Swali zuri. Mwaka 1998 ilitoka kwa Kijerumani tawasifu ya Mswisi Corinne Hofmann, Die weiße Massai, iliyofanywa filamu 2005. Yeye hakuja na hati ya ardhi. Aliolewa na kijana wa Kisamburu, akaishi Barsaloi kaskazini mwa Kenya katika nyumba ya kienyeji, akaugua malaria, akafungua duka. Huyu, tofauti na Blixen, alishika jembe kweli: alibeba magunia na kupima mahindi mwenyewe. Lakini na hapa simulizi ni ya sauti moja. Duka linapoyumba, mila ya kumpa ndugu kitu kwa mkopo inaonekana kama kasoro ya watu, si sheria ya uchumi wa mahali pale, ambayo mwenye duka angeweza kuuliza ina faida gani mwaka wa njaa. Mkono umeshika jembe ila kalamu bado iko barazani.

Tuseme pia neno juu ya majina tunayowapa watu hawa. Mkongo akivuka mpaka tunamwita mkimbizi. Msomali tunamwita mhamiaji, na tukikasirika tunaongeza "haramu". Mzungu akihamia tunamwita mtaalamu, au tunamwita mgeni kwa sauti ya heshima. Kwa hiyo tunapomlaumu Blixen kwa kuwaita wenyeji wageni, na sisi tukague vinywa vyetu.

Hassanali na Mzungu wake

Riwaya ya Gurnah ya Desertion (2005) inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda msikitini, na mbele yake anatokea Mzungu aliyechoka, anayeanguka. Ni Martin Pearce. Hana farasi, hana wapagazi, hana hati. Hassanali anamchukua nyumbani kwake.

Tazama tofauti ya kifani. Sura hiyo ya kwanza ina jina la Hassanali. Tunamwona Mzungu kwa macho ya mwenyeji: mwili mchafu juu ya mkeka, mdomo wa kulishwa. Na wenyeji hawakubaliani. Rehana, dada yake Hassanali, hafurahii hata kidogo kuletewa mgonjwa asiyejulikana, na anamwambia kaka yake hivyo. Hili ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mwenyeji anayeweza kukataa ndiye mwenyeji wa kweli, na ukarimu wake una thamani kwa sababu angeweza kuunyima. Katika Out of Africa hakuna mwenyeji mwenye nafasi ya kusema "huyu asiingie".

Anapokuja ofisa wa serikali, Frederick Turner, kumchukua Mzungu mwenzake, anamshuku Hassanali kuwa ameiba mali ya mgonjwa. Ndipo ukarimu wa siku mbili unapogongana na ukoloni uso kwa uso. Pearce baadaye anarudi kuomba radhi, na kurudi huko ndiko kunakomkutanisha na Rehana. Wanapendana, na mwishowe anamwacha. Gurnah hamfanyi Pearce malaika wala shetani. Anachofanya ni kuufuatilia ugeni wake mpaka kwa wajukuu. Miaka ya 1950, Unguja, mjukuu wa Rehana aitwaye Jamila anakataliwa na familia ya kijana anayempenda, kwa sababu ya historia hiyohiyo. Mgeni amekwisha kuondoka zamani. Jembe aliloliacha bado linawakata wenyeji miguu. Naye msimulizi, Rashid, anakwenda Uingereza kusoma na kuwa mgeni huko, ambako hapati hata zile siku mbili.

Hitimisho

Hatusemi mgeni asiandike juu yetu, wala hatutaki Blixen atolewe maktabani. Kitabu kinachojikana chenyewe namna ile ni hazina kwa mhakiki. Tunachokataa ni kukisoma kwa mikono miwili isiyojuana, mmoja ukipiga makofi na mwingine ukinyoosha kidole.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa wenzetu na kwa walimu wetu. La kwanza, Out of Africa isomwe pamoja na sheria ya 1918 mezani, na mjadala uanzie kwa Jogona, ambapo kitabu kina nguvu zaidi, badala ya kuanzia kwa hewa ya vilima. La pili, kila tawasifu ya aliyehamia kwetu, iwe ya setla, ya mke wa mtu au ya mtaalamu wa mradi, iulizwe maswali haya: Ndani yake mwenyeji anaweza kukataa? Anaweza kumcheka mwandishi na kicheko kikabaki chake? Anaweza kudai deni na kulipwa?

Maswali hayo yatatungojea na sisi. Wengi katika darasa letu wana fomu za kuombea nafasi ng'ambo zimekunjwa ndani ya vitabu, na baadhi yetu wataandika juu ya watu wa huko. Siku hiyo sisi ndio tutakuwa wageni wenye kalamu, na siku ya tatu itafika.